Ghalani Mna Chungu

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo pakawa gani, ya wagonjwa? Nimesikia watu wa mbele tu. Ninyi wa nyuma mnatafuna mihogo yangu na mnaninyima sauti. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa mmekuja. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizikuta zimezeeka, palikuwa na kijiji kando ya mto. Jina lake msiniulize. Mkilijua mtaanza kusema, "Aa, wale! Wale ndivyo walivyo." Kumbe ni sisi.

Katika kijiji hicho palikuwa na ghala. Si ghala la mtu, ghala la wote. Lilisimama juu ya miguu ya miti migumu, lina kuta za fito na udongo, lina ngazi, lina mlango mdogo wa kuingia kwa kuinama. Kila mavuno, kila nyumba ilipeleka kikapu cha mtama, ule mzuri kuliko wote. Mtama huo haukuliwa. Ulikaa, ukangoja mvua. Mawingu yakikaribia, mlango unafunguliwa, kila nyumba inachota mbegu. Aliyevuna vizuri anachota. Aliyemalizwa na nguruwe, naye anachota.

Nani aliwafundisha hivyo? Hadithi! Wazee wao waliwasimulia kwamba huko nyuma kila mtu alificha mbegu zake uvunguni. Njaa ilipoingia, kila mtu alizila kwa siri, akidhani mwenziwe bado anazo. Mvua ikanyesha, pa! pa! pa! Mashamba yakalowa. Na kijiji kizima hakuna aliyekuwa na punje ya kutia udongoni. Hadithi hiyo ndiyo iliyokata miti. Hadithi hiyo ndiyo iliyosimamisha ghala.

Mlinzi wa ghala alikuwa mwanamke mmoja, jina lake Sikudhani. Aliletwa na ndoa kutoka ng'ambo ya mto. Mumewe akafa kwa homa, akamwachia binti mmoja, Masika. Wazee wakakaa, wakasema, "Huyu hana ukoo hapa, hatampendelea mtu. Apewe ghala." Wakampa na kibanda chini ya ngazi. Huko ng'ambo kwao palishakuwa msitu, ndugu walishatawanyika. Kibanda kile ndicho kilichokuwa kwao pekee.

Sasa palikuwa na mzee mmoja, Babu Mwinyikondo, msokota kamba. Masikio yake yaliondoka na homa ya ujanani, yakasahau kurudi. Ukipiga kelele karibu na sikio la kulia, anasikia. Ukinong'ona, umenong'onea ukuta. Basi watu walimkwepa. Nani ana mapafu ya kumsalimia kila asubuhi?

"Shikamoo, Babu!"

"Ati?"

"SHIKAMOO!"

"Nishike moto? Moto gani?"

Watu wakacheka, wakapita. Sikudhani peke yake ndiye aliyesimama mpaka salamu iingie. Alijua maana ya kupitwa.

Sasa sikilizeni neno. Sikudhani alikuwa na desturi ya kuchanganya mtama na majivu, wadudu wasiuingie. Majivu aliyabeba kwa chungu. Asubuhi moja akamaliza kazi, akashuka ngazi, kwi, kwi, kwi, akakisahau chungu humo humo. Akaenda zake mtoni kuchota maji.

Masika akamfuata, akasimama juu ya ukingo. "Mama! Nitapikia nini? Chungu sikipati!"

Mto ulikuwa unanguruma. Sikudhani akajibu kwa sauti yake yote, "GHALANI MNA CHUNGU!"

Mtoto akaenda, akakosa nguvu ya kuusukuma ule mlango, akachoma muhogo. Yakaisha.

Hayakuisha! Chini kidogo, nyuma ya matete, palikuwa na Mwaija anafua. Pwa! anapiga nguo kwenye jiwe. Pwa! Swali la mtoto hakulisikia. Pwa! Alisikia jibu tu. "Ghalani mna chungu."

Ninyi, chungu ni nini?

"Chungu cha kupikia!"

Vema. Na yule mdudu mweusi anayetembea kwa mstari, ambaye akikuuma unacheza ngoma hukualikwa, naye anaitwaje?

"Chungu!"

Mnaona? Lugha yetu hii, neno moja linavaa nguo nyingi. Mwaija hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na shamba dogo, na mtu wa hivyo akisikia mdudu, amesikia njaa. Nguo ikamponyoka mkononi. Akaondoka mbio.

Akamkuta jirani yake kwenye kinu. Twi! Twi! "Shoga, mimi sikwambii kitu."

"Niambie."

"Basi usimwambie mtu. Ghalani mna chungu."

"We!"

"Mwenyewe mlinzi kasema, kwa kinywa chake."

Neno likatoka, neno likapita, neno likaota mguu. Kwenye kinu lilikuwa "mna chungu". Lilipofika kisimani lilikuwa "chungu wamekula nusu". Lilipofika kwa wafua vyuma lilikuwa "uliobaki ni mchungu, kuku wa Mkude kaula kafa". Lilipofika kwa wagema likawa na mkia na pembe: "Sikudhani kautia kitu. Mtu wa ng'ambo yule, ataona uchungu gani na sisi?" Na kila aliyelipokea aliambiwa asimwambie mtu. Na kila mtu alimwambia mtu.

Jua lilipoinama, Mwaija alikuwa wa kwanza kuja na kikapu. "Nataka mtama wangu."

"Mvua bado, dada," akasema Sikudhani.

"Nataka tu. Kwani si wangu?"

Ulikuwa wake. Sikudhani akampimia. Nyuma yake akaja mwingine. Na mwingine. Hakuna aliyemtazama usoni. Sikudhani akauliza, "Jamani, kuna nini?" Wakasema, "Hakuna kitu." Mpaka mke wa mfua vyuma, ambaye hakuwahi kuweza kuzuia ulimi, akasema, "Si mna chungu humo?"

Sikudhani akacheka. Masikini, alidhani limekwisha. Akapanda ngazi, kwi, kwi, kwi, akashuka na chungu chake cha majivu. "Chungu chenyewe hiki hapa!"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema chini chini, "Mjanja huyu. Kaleta chungu cha kupikia atufiche chungu wanaouma." Uongo ukishaota meno, hula hata ushahidi.

Mkude, mwenye yule kuku, alibaki nyuma. Aliwahi kulima bega kwa bega na marehemu mume wa Sikudhani. Akamwambia kwa sauti ndogo, "Shemeji, mimi najua ni chungu cha majivu. Hata kuku wangu hakufa, alibebwa na kicheche."

"Basi waambie, shemeji!"

"Niwaambie nini? Wao wanachukua. Wakichukua wote, nami nikakaa na ukweli wangu, wanangu watapanda ukweli? Nipimie na mimi."

Akampimia. Neno hilo lilimuuma Sikudhani kuliko yote. Wanaomwamini na wasiomwamini, wote walikuwa wamebeba kikapu.

Jioni ile Jumbe, mkuu wa kijiji, akakata shauri. Kesho asubuhi mlango ufunguliwe, kila mtu achote chake. Na mwanamke huyu arudi alikotoka. Sikudhani akaingia kibandani, akakunja mkeka mmoja, akafunga nguo za Masika. Akalia. Alikotoka wapi? Na mtama ule ukienda kwenye nyumba utaliwa, njaa ya kungoja mvua anaijua. Mvua itakuta kijiji kitupu, kama ile ya kwenye hadithi. Na watasema ni yeye.

Sasa mnaniuliza, na Babu Mwinyikondo? Babu hakusikia lolote! Neno lilipita mlangoni pake kutwa nzima, nong'o nong'o, nong'o nong'o, nani angemnong'onea yeye? Lakini macho yalikuwa mazima. Kukicha aliona watu wanapita kuelekea ghalani na vikapu vitupu. Akashangaa. Maisha yake yote alikuwa akiona vikapu vinakwenda ghalani vimejaa na kurudi vitupu. Kinyume chake ni siku ya mbegu tu, na siku ya mbegu huwa na mawingu. Akatazama juu. Hata wingu la kufutia jasho hakuna.

Akachukua kamba yake aliyokuwa akiisokota, akajikongoja, kiko, kiko, kiko, akawatangulia, akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa ya ghala. Akaendelea kusokota.

"Babu, tupishe," wakasema.

"Ati?"

"TUPISHE!"

"Niwapikie? Mimi si mpishi, wanangu. Kuna nini leo? Mbona mna vikapu?"

Mwanamke mmoja akainama, akamnong'oneza.

"Sikusikii, mama."

Akaongeza sauti kidogo.

"Sikusikii. Sema kama unamfukuza nyani shambani."

"GHALANI MNA CHUNGU!"

"Haa! Umewaona?"

"NIMEAMBIWA!"

"Na nani?"

Akamwonyesha aliyemwambia. Babu akamwita huyo. "Njoo, nawe sema. Umewaona?" Huyo naye aliambiwa. Na aliyemwambia aliambiwa. Mmoja baada ya mmoja, jua linapanda, watu wazima na heshima zao wanapiga kelele mlangoni pa ghala. Na mnajua, jamani, kuna maneno ni matamu yakisemwa sikioni, lakini yapigie kelele jua limetoka, utaona haya mwenyewe.

"KUKU WA MKUDE KAFA KWA MTAMA!" akapiga kelele mgema.

"KICHECHE!" akajibu Mkude. Imemtoka tu!

Kijana mmoja wa kiume alifungua kinywa aseme lile neno la Sikudhani kautia kitu. Akamwona Sikudhani amesimama pale, mkeka kwapani, mkono wa Masika mkononi. Kumnong'ona mtu ni rahisi. Kumpigia kelele huku anakutazama kunataka moyo mwingine. Akafunga kinywa.

Babu akamgeukia Mkude. "Wewe, kama kuku kabebwa na kicheche, kikapu cha nini tena? Jana si nilikuona umepita umejitwisha, nikadhani ni mihogo?"

Mkude akatazama huku, akatazama kule. Akaja karibu na sikio la kulia. Akavuta pumzi.

"BABU, MIMI NAJUA HAKUNA CHUNGU! NIMECHUKUA KWA KUWA NAMWOGOPA JUMBE ATACHUKUA!"

Uwanja mzima ukasikia. Jumbe akaruka. "Mimi? Mimi nachukua kwa kuwa wafua vyuma wanachukua! Nibaki mkuu wa ghala tupu?"

Wafua vyuma wakasema, "Sisi? Sisi tunawaogopa wagema!"

Wagema wakasema, "Aa, sisi tuliona wenye vinu wanachukua!"

Wenye vinu wakasema, "Sisi tulimwona Mkude!"

Mkude huyooo! Likazunguka, likamrudia mwenyewe.

Wakatazamana. Kisha mke wa mfua vyuma akashika mbavu, akaanza kucheka, na kicheko kile kikawaambukiza, wakacheka mpaka vikapu vikaanguka. Lakini wengine walikuwa wanacheka wanafuta machozi. Waliona walikokuwa wanakwenda.

Babu hakucheka. Akasema, "Sasa ndiyo nimesikia. Kumbe kila mmoja anamkimbia mwenziwe, na mwenziwe anamkimbia yeye. Haya, mlango huo. Aanze mmoja."

Hakuna aliyesogea.

Akawaambia, "Ghala hili mnadhani limesimama kwa miti? Miti hii mchwa wanaijua. Limesimama kwa sababu kila mmoja anaamini mwenziwe hatachota kabla ya mvua. Ukishaling'oa hilo, hata ukiweka nguzo za chuma, ghala limeanguka."

Sikudhani akatua mkeka. Hakuomba, hakujitetea. Akamwaga majivu ya chungu chake, akakiosha, akapanda akachota mtama wa sehemu yake mwenyewe. Masika akawasha moto. Wakatwanga, twi, twi, wakapika uji pale pale mbele ya watu. Sikudhani akanywa. Masika akanywa. Akampa Jumbe.

Jumbe akaonja. Watu wote wanatazama koo la Jumbe.

"Mchungu?" wakauliza.

"Moto," akasema Jumbe. "Mchungu hapana." Akavuta kata, akanywa tena.

Siku ile vikapu vilirudi. Chwaaa! ukamwagwa wa Mkude. Chwaaa! wa mke wa mfua vyuma. Jumbe mwenyewe akaukunjua mkeka wa Sikudhani, akautandika kibandani kwa mkono wake. Mtu mzima akikosea ana njia zake za kusema, hiyo ni mojawapo.

Ila kikapu kimoja hakikurudi. Cha nani?

"Cha Mwaija!"

Cha Mwaija. Mtama aliuficha kwenye chungu kikubwa nyuma ya nyumba, akakifunika kwa kuni. Kila asubuhi aliinuka aurudishe. Kila asubuhi miguu ilikataa. Kuurudisha ni kusema, "Ni mimi niliyeanza." Aibu nayo ina uzito, hubebi kikapu juu ya aibu.

Mawingu yakaja. Mvua ya kwanza, pa! pa! pa! Mwaija akaenda kufunua chungu chake atoe mbegu. Akatia mkono.

"Mama weee!"

Chungu ndani ya chungu! Wale wa kuuma! Wamejaa, wametambaa mpaka kwapani. Mtama umeliwa, uliobaki umeota ukungu. Akatia punje moja ulimini. Mchungu. Neno lile lote alilolisambaza, lilikuja kuwa kweli nyumbani kwake tu.

Akakaa chini, watoto wake wanamtazama. Kisha akachukua kikapu kitupu.

Ghalani ilikuwa siku ya mbegu. Watu wanachota, wanaimba. Babu Mwinyikondo ameketi ngazi ya chini, siku hizi pale ndipo mahali pake. Mwaija akasimama nyuma ya wote, mpaka wote wakaisha, akabaki yeye na mvua.

Sikudhani akamwona. Nisiwafiche, hasira ilimpanda. Alikumbuka mkeka kwapani. Alikumbuka mtoto wake alivyouliza, "Mama, tunakwenda wapi?" Angeweza kusema, "Wewe ulishachukua wako." Na ingekuwa haki yake.

Mwaija akasema kitu.

"Ati?" akasema Babu.

Mwaija akasema tena, kwa chini.

"Sikusikii, mwanangu."

Mwaija akainua kichwa. Machozi na mvua vimechanganyika. "NISAMEHE! MIMI NDIYE NILIYEANZA! SIKUDHANI!"

"Naam?" akaitika Sikudhani.

"Sikukuita, dada. Nasema mimi... sikudhani. Sikudhani litafika mbali vile."

Sikudhani akamtazama. Alitaka kubaki na hasira, wallahi alitaka. Lakini mdomo ukamcheza. Kicheko kikamtoka, na kilio nyuma yake. Akachukua kile kikapu, akapanda ngazi, kwi, kwi, kwi, akashuka nacho kimejaa.

"Wengine je?" akauliza Mwaija. "Utatosha?"

"Utatosha," akasema Sikudhani. "Ghalani mna mtama chungu nzima."

Waliposikia neno lile wote wawili wakashikana mabega.

Baadaye Sikudhani akaenda kwa Babu, akapiga kelele sikio la kulia. "BABU! SIKU ILE ULIJUAJE LA KUFANYA?"

Babu akastaajabu. "Mimi? Mimi sikujua kitu, mwanangu. Kijiji kizima kinazungumza, mimi peke yangu sijui kuna nini. Nikaenda nisikie."

Babu Mwinyikondo alikufa mzee sana, kamba yake mkononi, nusu imesokotwa. Ngazi ile ya chini waliiacha, hakuna anayeikalia. Na tangu hapo, katika kijiji kile, mtu akikujia na neno, akakushika mkono, akakusogezea mdomo sikioni, "Shoga, sikwambii kitu," unamuuliza jambo moja tu: "Hilo, ungeweza kumwambia Babu Mwinyikondo?" Kama angeweza, anasema. Kama hangeweza, anajikohoza, anauliza habari za watoto.

Basi na ninyi jueni. Watu hujenga kwa neno na hubomoa kwa neno, na tumbo la mtoto halijui lipi lilikuwa la kweli. Ukipewa neno, litazame jua limetoka kabla hujalibebea kikapu.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa ghala. Anayeitaka aichukue aende nayo, ila asiinong'one.